Karatasi za baba mdogo zimefungiwa karanga Majengo, tusaidieni zilizobaki zisitoke Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako, barua yangu ni ndefu kidogo ila naomba usiikate sana maana hili jambo limenikaba koo tangu mwezi wa sita.

Siku hiyo nilikuwa soko la Majengo hapa Dodoma, nikanunua karanga za kukaanga za mia tano, yule mama akanifungia kwenye karatasi kama kawaida, mi nikawa natafuna huku natembea kutafuta daladala, zilipobaki chache nikaikunjua ile karatasi nizimwage mkononi ndo nikaona mwandiko. Mwandiko ule naujua tangu niko darasa la tatu kwa sababu ndo ulikuwa kwenye bahasha za barua kutoka Ulaya, herufi ndogo zimelalia kulia, t ina mkia mrefu. Ni mwandiko wa baba yangu mdogo. Ukurasa wote Kijerumani, na pembeni kwa penseli kaandika Kiswahili: "Divan = diwani. Uliza Ihumwa."

Nilirudi mbio. Yule mama hana kosa lolote, alinunua kwa kilo kutoka kwa kijana anayepitisha makaratasi sokoni, shilingi 1,500 kilo, na alikuwa keshatumia zaidi ya nusu. Nikanunua zote zilizobaki pale mezani, nyingine zimeshakatwa pembe nne tayari kufungia, nyingine zina mafuta. Kumbe nyumbani walikuwa wanasafisha stoo baada ya msiba wa shangazi, boksi moja kati ya saba likatolewa nje, aliyelitoa ni mtoto wetu wenyewe na wala simchukii, aliona karatasi za lugha asiyoijua zimejaa vumbi na mavi ya panya, nani angemwambia kitu?

Sasa nieleze baba mdogo alikuwa nani. Alizaliwa Mvumi, mwaka 1966 akapata nafasi ya kwenda kusoma Leipzig, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, mwaka wa kwanza wote ni lugha tu pale Taasisi ya Herder walikokuwa wanafundishwa Kijerumani wanafunzi waliotoka nje. Nyumbani wote walijua atarudi daktari au injinia. Yeye akachagua fasihi ya Kijerumani, babu alinyamaza wiki nzima barua ilipofika, halafu akasema basi mwacheni, mtu halazimishwi kupenda. Baadaye akahamia nchi za kaskazini huko Skandinavia akafundisha fasihi hiyohiyo chuo kikuu zaidi ya miaka 30, Mgogo wa Mvumi anawafundisha vijana wa kizungu Goethe na Schiller, washairi wakubwa wa Kijerumani. Hakuoa wala hakuwa na mtoto. Alifariki 2019 na maboksi yake saba yakaja na meli mpaka Dar, yakapanda lori mpaka hapa, yakaingia stoo na ndo ikawa mwisho wa habari. Juu ya kila boksi kaandika kwa kalamu ya wino mzito NICHT WEGWERFEN na chini yake USITUPE. Hilo boksi lililouzwa nalo liliandikwa hivyohivyo, ila mfuniko ulishang'oka.

Tangu Juni nimekuwa nikifungua moja moja kila jioni. Mimi Kijerumani sijui, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, lakini baba mdogo alikuwa na tabia ya kujisemea kwa Kiswahili pembeni ya karatasi na hapo ndo ninapomfuata. Ile ya "uliza Ihumwa" ilinichukua wiki mbili kuielewa. Kumbe Goethe mwaka 1819 alitoa kitabu cha mashairi, akawa amemsoma mshairi Hafiz wa Uajemi mpaka akakipa kitabu chake jina la Divan, neno hilohilo sisi tunaloita diwani, yaani mkusanyo wa mashairi, na baba mdogo alitaka kulinganisha jinsi neno moja lilivyosafiri, upande mmoja likafika Ujerumani na upande mwingine likafika mpaka Ihumwa hapa nje ya mji, kwao Mathias Mnyampala, mshairi wa ngonjera, ambaye diwani yake ilitoka 1963. Yaani mtu amekaa kwenye theluji huko anamfundisha Goethe na bado anawaza Ihumwa! Kuna kurasa kama arobaini za kazi hiyo. Najua kulikuwa na zaidi kwa sababu alizipa namba, na namba zinaruka kutoka 41 mpaka 88. Hizo za katikati zimeliwa nazo karanga.

Kitu kingine ni kaunta buku moja lenye jalada jeusi, hili ningependa watu wote walione. Zamani Wajerumani walikuwa na mwandiko wao wa mkono tofauti kabisa na huu wa sasa, umechongoka kama meno ya msumeno, hata Mjerumani wa leo wengi wao hawausomi, shuleni waliuacha 1941. Baba mdogo alijifundisha huo mwandiko halafu akaandika somo kwa Kiswahili, herufi kwa herufi, kwa ajili ya Mtanzania atakayetaka kusoma. "Hii e inafanana na n, usidanganyike." "Hii u inavaa kofia juu ili isichanganywe na n." "Hii s ndefu utadhani f." Kila herufi kaichora mara tatu nne. Na kwa nini alifanya hivyo? Kwa sababu mafaili ya wakati wa Mjerumani yapo kwetu, kwenye Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO waliyaingiza kwenye orodha yao ya kumbukumbu za dunia, lakini ni Watanzania wangapi wanaweza kukaa chini na kuyasoma yale yaliyoandikwa kwa mkono? Mambo ya boma la Mpwapwa, ya Kilimatinde, ya reli ilivyofika hapa Dodoma 1910, nani alichukuliwa kazini na nani alinyang'anywa ng'ombe. Tunasubiri mgeni aje atusomee habari za babu zetu wenyewe, na ufunguo ulikuwa stoo kwetu unaliwa na panya.

Boksi la nne ni kadi tupu, kadi ndogo za maktaba zimefungwa kwa mipira. Zinahusu walimu wa fasihi ya Kijerumani waliofukuzwa kwao na Hitler wakaenda kufundisha nchi za watu. Baba mdogo aliwapenda sana hao na nadhani najua sababu. Yupo Erich Auerbach aliyefundisha Istanbul kuanzia 1936 na kuandika kitabu chake kikubwa huko wakati wa vita, mbali na maktaba alizozizoea. Yupo Egon Schwarz, kijana wa Vienna aliyekimbia 1938 na wazazi wake, akahangaika Bolivia na Ekwado kwa vibarua vya kila aina, baadaye akaja kuwa profesa wa Kijerumani St. Louis, Marekani. Kwenye kadi ya huyu kaandika "ndugu yangu huyu" na hamna maneno mengine ya Kiswahili kwenye kadi hiyo. Halafu kuna kadi kumi na mbili za Profesa John Spalek wa Albany, jimbo la New York, huyu alikuwa mwalimu wa Kijerumani aliyeona wakimbizi wale wanazeeka na kufa na karatasi zao zinabaki majumbani, basi akaanza kuzitafuta, na tangu 1976 chuo chao kina mkusanyo maalumu wa karatasi hizo, barua, daftari, hotuba, mpaka leo mtu anakwenda kusoma.

Wenzetu hawa kitu wanakijua, Mhariri. Kuna mji mdogo Ujerumani unaitwa Marbach, alikozaliwa Schiller 1759, una hifadhi ya karatasi za waandishi na wasomi tangu 1955. Baba mdogo alikwenda akatuandikia barua, anasema karatasi zinalala kwenye maboksi ya kijani safu kwa safu na kila moja ina namba, na ukiomba barua moja ya mtu aliyekufa zamani unaletewa mezani kwa mikono miwili. Mwaka 1988 hao Marbach walinunua mnadani London muswada wa mkono wa mwandishi Kafka kwa pauni milioni moja. Karatasi ambazo mwenyewe aliacha wosia zichomwe moto. Mi nimenunua za baba mdogo kwa 1,500 kilo, na zilikuwa zimeandikwa zisitupwe.

Nimejaribu kuzitafutia pa kukaa. Ofisi ya kwanza niliambiwa wao wanapokea mafaili ya serikali tu, za mtu binafsi labda awe kiongozi. Naelewa, waasisi wa taifa wametungiwa sheria yao ya kuwaenzi tangu 2004 na ni jambo jema kabisa, lakini msomi je, mshairi je, mwalimu aliyekufa yakabaki maboksi yake sita? Maktaba ya kwanza wakasema mama lete vitabu tutavichukua, karatasi hizi hapana, hatuna pa kuziweka. Niliwaambia vitabu vyake vinapatikana popote, hizi karatasi ni nakala moja tu duniani. Kijana wa mapokezi akaniangalia kwa huruma akaniambia "shikamoo mama, hebu jaribu kuongea na wakubwa." Wakubwa wapo safari. Nilikwenda mara nne, kila mara wapo safari.

Wakati huohuo mwezi wa nane ikaja imeili kutoka chuo alichokuwa anafundisha, mjukuu wangu akanisomea. Wanaziomba. Watalipa usafiri wote, wataziskani, watazitunza milele, na wanasema kwa heshima kabisa kwamba ni sehemu ya historia ya chuo chao. Familia imegawanyika hapo. Kaka anasema zipelekwe, huko hazitaliwa na mchwa, na hoja yake siwezi kuibeza kwa sababu mimi ndo niliyeshika ile karatasi ya karanga. Lakini mwenyewe moyo wangu unakataa. Kadi za Auerbach na Schwarz wakizitaka waskani wachukue picha, hata zenyewe wachukue. Ila kaunta buku jeusi aliliandika kwa Kiswahili, lipelekwe kwenye baridi kule likasomwe na nani? Kurasa za Ihumwa zikae kilomita maelfu kutoka Ihumwa? Kuna na barua arobaini na kitu alizomwandikia bibi, zote zinaanza na "Mbukwa", salamu yetu kwa Cigogo, bibi alikuwa anasomewa na mwalimu wa kanisa halafu anazirudisha kwenye bahasha na kuziweka chini ya godoro. Bibi alipofariki baba mdogo alikuja kuzichukua, ndo maana zimo. Mtafiti wa huko atafika boksi hilo ataandika "barua za kifamilia, lugha ya Kiafrika" na atafunga.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Mji huu sasa una vyuo, Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007 na majengo yake kila mtu anayaona pale mlimani, wizara zote zimehamia hapa, tunashindwaje kupata chumba kimoja chenye rafu za chuma na mtu mmoja aliyesomea utunzaji wa nyaraka, chumba cha karatasi za watu binafsi wa kanda hii, wawe walimu, wachungaji, masheikhe, washairi, wakunga waliokuwa na daftari zao? Sitaki pesa. Sitaki jina la baba mdogo libandikwe ukutani. Nataka mtu aje nyumbani aone, na asichanganye mpangilio, kwa sababu nilivyoelewa kwenye maelezo yake mwenyewe mpangilio nao ni habari, karatasi iliyolala juu ya nyingine ina maana yake. Mi nimetoa pini zilizoshika kutu na mipira iliyooza tu, na kila boksi nimeorodhesha kilichomo kwenye daftari, kurasa 63 mpaka sasa, nimebakiza boksi la sita.

Na wasomaji wenzangu mnaonunua karanga, maandazi, vitumbua pale Majengo na Sabasaba, mkiona karatasi ya Kijerumani yenye namba juu kulia kati ya 41 na 88, mwandiko umelalia kulia, naombeni sana mniwekee hata kama ina mafuta. Mhariri anayo namba yangu ya simu.

Maboksi yapo chumbani kwangu Ilazo juu ya matofali kwa ajili ya mchwa, na dirisha la upande huo linavuja mvua ikinyesha ya upepo. Wale wa Ulaya nimewajibu wanisubiri mpaka mwisho wa Novemba, kabla mvua hazijaanza.

Mwalimu mstaafu,
Ilazo, Dodoma