Taarifa ya mwenyekiti mwaka huu: hili la kamera za nyama

Wanachama wenzangu, salaam. Mambo ya ada mhazini atasoma mwenyewe nisiwachoshe, ila hili la kamera za kupanga daraja la nyama limeulizwa kila kikao na wengine mshaanza kuambiwa mchangie hela ya mashine, kwahiyo ntalijibu hapahapa.

Iko hivi, kamera zenyewe ziko za aina mbili na watu wanazichanganya. Ile ya Marekani, ng'ombe akishachinjwa na kupoa koldirumu (chumba cha baridi) anakatwa kati ya ubavu wa 12 na wa 13, kamera inawekwa juu ya steki ya mgongo iliyojitokeza, inasoma ukubwa wake na yale madoa meupe ya mafuta yaliyo ndani ya nyama, ndo linatoka daraja, Prime la juu, kisha Choice, kisha Select. Ya Ulaya, ambako toka 2003 sheria inaruhusu mashine ipange daraja badala ya jicho la mtu, yenyewe haikati kitu, inapiga picha nusu ya ng'ombe inaning'inia bado ya moto, inatoa herufi ya umbo E, U, R, O au P (E kajaa minofu, P kakonda), na mafuta ya juu ya mwili namba 1 (kidogo) mpaka 5 (mengi).

Sasa jamani, sisi nyama inatoka machinjio ya Vingunguti alfajiri, saa nne iko kwenye sufuria ya mama ntilie. Koldirumu ya kupozea ng'ombe mzima nani anayo? Na zebu wetu (ng'ombe wa nundu) wa kuchungwa hana madoa meupe kihivyo, utalipa mamilioni mashine ikwambie daraja la chini kila siku. Ya Ulaya walau ina maana, inasoma umbo, na minofu iko kwenye paja na mgongo, lakini bei yake tusidanganyane.

Kinachotuumiza sisi ni rangi. Ile nyama nyeusinyeusi inayonata kisu, hoteli wanarudisha mzigo wanasema umewapa ng'ombe mzee, kumbe kijana kabisa ila kasimama kwenye lori kutoka Kanda ya Ziwa mpaka mnada wa Pugu, kiu, kusukumana, sukari ya kwenye misuli imeisha, basi akichinjwa asidi haitengenezeki ya kutosha, pH (kipimo cha asidi, asidi ikizidi yenyewe inashuka) badala ya kushuka mpaka 5.5 hivi inabaki juu, nyama inabaki nyeusi na kuoza inawahi. Kamera haitibu hiyo, dawa ni maji na kumpumzisha kabla ya kisu.

Kwahiyo kamati imekataa kuchangisha. Wale mnaolaza nyama kwenye friji kwa ajili ya mahoteli, asubuhi kata kipande cha mgongo, kiache hewani nusu saa kipate wekundu wake, piga picha kwa simu pembeni pakiwa na karatasi nyeupe na rula, taa ileile kila siku (sio leo juani kesho chini ya tyubulaiti, picha zitagombana), andika na mzigo umetoka kwa nani. Picha mtumieni katibu. Tukiona weusi unatoka lori lilelile, tutajua wa kukaa naye mezani.