Barua kwa Mwanangu Aliye Kigoma

Mwanangu,

Huku Tanga sote wazima. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Wiki moja tu Kigoma, umeshaanza kuulizia uhamisho! Hata mabegi hujamaliza kufungua.

Mimi nilipangiwa kufundisha Ujiji mwaka 1988. Nilipanda treni Dar, daraja la tatu, na kikapu cha nazi kumi, maana shangazi zangu walisema bara hakuna chakula. Dodoma nililia kidogo. Tabora yalipokatwa mabehewa ya Mwanza nikanunua asali, nikaona aibu: sikuwa najua nchi hii ni kubwa kiasi kile.

Lakini treni yenyewe haikunibadilisha. Nilishuka Kigoma na kiburi changu kilekile cha mtu wa pwani. Jioni ya kwanza bibi mwenye nyumba akaniletea kisamvu, chekundu kwa mawese, na samaki mgebuka na ugali wa muhogo. Nikauliza, nazi iko wapi? Akacheka. "Mwalimu, hii sombe. Kula kwanza, hiyo nazi utatuhadithia."

Alikuwa Mmanyema, wazee wake walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Kiswahili alizaliwa nacho. Nami nilidhani ndimi ninayewapelekea! Kumbe kilishafika Ujiji kwa miguu, na misafara ya kutoka Bagamoyo, miaka mingi kabla reli haijafika Kigoma mwaka 1914. Darasani nikifungua mdomo watoto wanaangua kicheko. Mwenye lafudhi nilikuwa mimi.

Usidhani nilibadilika siku ile. Nilinuna wiki nzima nzima, nakuna nazi zangu moja moja kwa ubahili. Zilipokwisha nikaingia jikoni kwa bibi, nikamwambia, nifundishe. Aliyeomba kufundishwa ndiye mama unayemjua. Yule aliyetoka Tanga, mwanangu, usingempenda.

Ukipata mtu wa kuja huku, mpe kidumu cha mawese. Akifunge vizuri, cha mwisho kilimwagikia kanzu ya baba yako, na mpaka leo ananikumbusha.

Na zile nazi nilizokufungia (ndiyo, nami nimekuwa shangazi), zimebaki ngapi? Zikiisha, niandikie tena habari za uhamisho.

Mama yako