Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Tutajie na Waliobaki

Mheshimiwa Waziri,

Kila ukitangaza ajira mpya za watumishi wa afya, sisi wa wodini tunafurahi. Kidogo tu, maana daftari la zamu tunalijua.

Mimi ni muuguzi mkunga. Juzi usiku nilikuwa peke yangu wodi ya wazazi. Mama mmoja ndiyo kwanza amejifungua, damu inamtoka kuliko kawaida. Wa kitanda cha pili anaanza kusukuma. Mkono unasugua tumbo la huyu mpaka mfuko wa uzazi ukaze, mdomo unamwambia yule apumue, asisukume bado. Wote wawili walipona. Mimi nilikaa sakafuni kama dakika tano, nikainuka kuandika mafaili.

Daftarini tulipangwa wawili. Mwenzangu aliripoti mwaka jana, akakaa miezi minne, akaenda zake. Alipewa chumba kisicho na kitasa, na fedha zake za kujikimu zilitoka akiwa ameshaondoka. Kwenye hesabu ya walioajiriwa, yumo.

Ndiyo maana nakuomba: ukisimama tena kututajia walioajiriwa, tutajie na waliobaki kazini.

Malawi ilipozidiwa na upungufu wa watumishi wa afya mwaka 2004 haikuishia kuongeza wanafunzi vyuoni. Iliwaongezea mshahara watumishi wa kada 11 kwa asilimia 52, na kufikia 2009 kada hizo zilikuwa zimetoka watu 5,453 hadi 8,369. Utasema fedha nyingi zilikuwa za wafadhili. Ni kweli, lakini walizielekeza kwa mtu aliyeko kazini. Msumbiji nako, tangu 1984, wamekuwa wakifundisha matabibu wasio madaktari kufanya upasuaji, ukiwemo wa uzazi. Wahitimu wao walipofuatiliwa baada ya miaka 7, asilimia 88 walikuwa bado katika hospitali za wilaya. Madaktari waliopangwa huko hakubaki hata mmoja.

Kuhusu wanaochukuliwa na nchi tajiri, tusidanganyane. Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010, kuhusu kuajiri watumishi wa afya kutoka nchi nyingine, ni za hiari, na muuguzi aliyechoka hasomi kanuni.

Ijumaa naingia usiku tena. Jina la mwenzangu sijalikata. Sina la kuandika mahali pake.

Muuguzi mkunga, zamu ya usiku