Kidudu cha tumboni mwa jodari msikitupe

Ndugu mhariri, assalaam alaykum. Mie kazi yangu kupaa samaki hapa diko la Malindi, kalamu sio kitu changu, lakini ile barua ya bwana aliyesema kumpima kamba wa baharini DNA (yaani vinasaba vyake) ni kuchezea pesa maana kamba kila mtu anamjua kwa macho, imenikera.

Kwa macho yepi? Barazani mpaka leo watu wanabishana duvi ni mtoto wa kamba au kabila lake mwenyewe (ni kabila lake). Sasa nikupe kisa cha huyu anaeitwa Cerataspis monstrosa. Mwaka 1828 Muingereza mmoja, John Edward Gray, alimuandika, kidudu kina gamba nene kama kimevaa deraya, kina mapembe, na kila kikipatikana aghlabu kimeshamezwa kipo tumboni mwa jodari na wenziwe. Mkubwa wake hakuna aliyemjua. Wataalamu wakakisia kisia tu, hadi 2012 ndio wakachukua vinasaba vyake wakalinganisha na vya kamba wengine, kumbe ni mtoto wa Plesiopenaeus armatus, kamba anaekaa kilindini chini kabisa! Mama yuko chini gizani, mtoto anaelea juu, wala hawafanani hata ukucha. Miaka 184 hiyo, kwa macho.

Na yupo mwengine Amphionides, huyo alipewa ukoo mzima peke yake kwa ajabu zake, 2015 DNA ikamrudisha kwa kamba wa kawaida. Basi aibu gani.

Kilichonifanya niandike hasa ni hiki. Kaskazi iliyopita nilipasua jodari nikakuta ndani kitu kidogo kina miba miba, kigumu ukikibonyeza, sisemi ndio huyo, lakini kamba sijapata kumuona vile. Nikakitia kwenye gae la siki nikijua nahifadhi, baada ya wiki kimekuwa uji. Kijana mmoja anaesoma mambo ya bahari akacheka, akanambia siki imeua kila kitu, na hata fomalini inaviharibu vinasaba, ningetia spiriti basi, tena hapo hapo kikiwa kibichi.

Kwa hiyo wapaa samaki wenzangu, wa hapa na wa Wete na Mkokotoni, matumbo ya jodari msiwatupie paka kabla hamjayaangalia. Mie kichupa cha spiriti ninacho sasa, kipo chini ya meza pembeni ya jiwe la kunolea kisu, bado kitupu.

Mpaa samaki,
Malindi, Unguja