Barua kwa mwanangu: badilisha hiyo barakoa

Mwanangu mpendwa,

Picha uliyotutumia jana usiku kutoka kijiji cha wanamichezo imefika. Baba yako ameitazama ile bendera kwenye mkono wa koti lako mpaka simu ikazimika yenyewe. Mimi nimeikuza nikaangalia barakoa yako ya mchezo wa vitara uliyoikumbatia. Wavu wake umebonyea upande wa kushoto, chini kidogo ya usawa wa jicho. Usiniambie ni kivuli. Kivuli hakipindi waya.

Badilisha hiyo barakoa, mwanangu.

Najua utanijibu kwamba ilishakaguliwa na ina muhuri. Muhuri unaeleza ilivyokuwa siku ilipokaguliwa, hauelezi yaliyoipata baadaye. Na yaliyoipata nayafahamu, kwa sababu ile video ya nusu fainali ya mashindano ya kuteua timu nimeiona. Mwamuzi alipompa mwenzako pointi ya kumi na nne, wewe uliivua barakoa ukaibwaga chini. Ikadunda, ikaangukia uso. Watu wakashangilia ushindi wako dakika mbili baadaye, nami nilishangilia, lakini macho yangu yalibaki kwenye ile barakoa pale sakafuni. Hicho ni kifaa kinacholinda macho niliyokuzaa nayo.

Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovieti unamjua kwa medali yake ya dhahabu ya foili, kitara chembamba kama chako, Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Nataka umjue na kwa habari ya Roma, mwaka 1982, kwenye mashindano ya dunia. Alikuwa akipambana na Matthias Behr wa Ujerumani Magharibi. Bapa la Behr, yaani chuma kirefu cha kitara chake, likakatika katikati ya shambulio, na kipande kilichobaki kikapenya wavu wa barakoa, kikaingia jichoni hadi kwenye ubongo. Smirnov alifariki siku chache baadaye. Behr hakukusudia, wala hakuvunja kanuni yoyote. Barakoa mnazovaa leo, makoti mazito, kile kizibao cha ndani kinachofunika kwapa la mkono wa kitara, na bapa za chuma ambacho ufa wake husambaa polepole, vyote vilitiliwa mkazo baada ya msiba ule. Kwa hiyo unapoifanya barakoa kuwa kitu cha kumalizia hasira, fikiria imefikaje hapo ilipo.

Watu wanaotuuliza habari zako husema foili ni silaha nyepesi, haifiki gramu 500, bapa lake halizidi sentimita 90, na ncha yake ni kitufe butu. Ni kweli yote. Ila wewe una mwendo, na mpinzani wako ana mwendo, na mkikimbiliana kwenye ulingo wa mita 14 chuma kinapinda kama upinde. Kikikatika hakina tena kitufe. Na siku hizi sehemu ya chini ya kitambaa cha koo, kile kinachoning'inia kwenye barakoa, nayo ni shabaha halali, maana yake ncha inaelekezwa karibu na uso kwa makusudi, na kwa haki kabisa.

Bapa zako pia zipitie. Chukua kitambaa laini, kivute kuanzia kwenye kikinga mkono hadi nchani, polepole, pande zote. Kikinasa mahali, simama hapo uangalie kwenye mwanga. Bapa lililopinda vibaya mahali pamoja usilinyooshe kwa kiatu kama unavyofanya mazoezini. Liweke kando.

Sikuandikii ili nikutie woga. Tunajivunia wewe kuliko ninavyoweza kusema, na hata wale waliouliza vitara vitakulisha nini sasa wanauliza unacheza saa ngapi. Mimi mwenyewe niliuliza hivyo wakati fulani, basi, yamepita.

Juu ya mchezo wenyewe kocha ndiye mwenye neno, lakini nimeketi pembeni ya ulingo miaka mingi, na kitu kimoja nakiona. Asubuhi kwenye makundi, mnapocheza hadi pointi tano, wewe ni hodari sana. Dakika tatu zinakutosha. Mchana kwenye mtoano wa pointi 15 unaanza vizuri, unatangulia, halafu unataka kumaliza haraka. Una vipindi vitatu vya dakika tatu tatu na mapumziko ya dakika moja kati yake. Vitumie. Anayekufukuza kwa pointi ndiye mwenye haraka. Mwache aje, mkinge, ndipo ujibu. Ukimkinga vizuri haki ya shambulio ni yako, na taa zote mbili za kuonyesha mguso zikiwaka, yako na yake, mwamuzi atakupa wewe. Ukirusha mkono tu bila kukinga, taa yako itawaka na pointi itakwenda kwake, kisha utaanza kulalamika.

Na kulalamika ndiko kunakoibwagisha barakoa. Foili ina maamuzi ya kuumiza kwa sababu mwamuzi anapaswa kusema nani alianza. Fainali ya Paris mwaka 2024 tuliitazama hapa, Cheung Ka Long wa Hong Kong na Filippo Macchi wa Italia, 15 kwa 14. Waitalia walilalamikia waamuzi, lakini dhahabu ilibaki kwa Cheung, ya pili mfululizo baada ya ile ya Tokyo. Kama wakubwa wale wanafikishwa kwenye mguso mmoja wenye utata, wewe ni nani usifikishwe? Omba video kama una haki ya kuomba, kisha rudi kwenye mstari wako.

Alaaeldin Abouelkassem wa Misri alipofika fainali ya foili London mwaka 2012, Afrika haikuwa imewahi kupata medali ya Olimpiki katika vitara. Alipata ya fedha, Lei Sheng wa China akamshinda 15 kwa 13. Baba yako humtaja kila ukitajwa wewe. Nakwambia ujue tu kwamba hapa nyumbani hakuna anayesubiri dhahabu ndipo akufurahie.

Kizibao chako cha nyuzi za chuma, kile cha juu kinachopitisha umeme ili mguso uonekane kwenye taa, kifue kwa mkono, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, usikikamue. Kitundike kikauke chenyewe. Jasho lenye chumvi likikaa humo nyuzi zinakufa, na mwamuzi akigundua pasipopitisha umeme atakutoa ukabadilishe. Koti la kinga nalo likifumuka usimpe mtu ashone. Mimi kushona ndiyo kazi yangu, na lile koti silitii sindano. Tundu la sindano mahali pasipofaa linaweza kudhoofisha kitambaa. Ingia ulingoni na foili mbili zinazofanya kazi na waya mbili za mwilini, zile zinazounganisha foili na mashine ya taa, usije ukaanza na kadi ya njano kwa uzembe.

Kuhusu fedha ya barakoa, usiwaze. Zungumza na kiongozi wa timu leo, si kesho, muulize kama kuna ya akiba inayokutosha. Ikikosekana nunua, utuambie bei, baba yako atatuma. Tulikuwa tumeiweka kwa ajili ya bati la nyuma, lakini mvua bado, na ndoo ipo. Ukiipata mpya hakikisha mikanda ya kisogoni imekaza na haitoki ukitikisa kichwa. Nitumie picha yake, ya mbele na ya ubavuni, kwenye mwanga wa kutosha.

Mdogo wako amehamia chumbani kwako na vitabu vyake vyote, anasema kuna utulivu wa kusomea mtihani. Nimemruhusu hadi utakaporudi. Shangazi yako anakusalimu, goti linampa nafuu. Bomba la jikoni limetengenezwa na sasa linavuja lile la bafuni. Baba yako anauliza kama uliondoka na ufunguo wa kabati la chini, maana tumeutafuta kila mahali na vyeti vyake vya kazi vimo humo. Ukiukuta kwenye begi usimpe mtu aulete, tuambie tu, tutaita fundi abadilishe kitasa.

Mama yako