Kipya Kinyemi: Barua kwa Wanangu Wanaobishana Juu ya Simu na Kompyuta

Wanangu na wajukuu zangu,

Salaam nyingi. Mimi sijambo, ila macho yameanza kunisuta kila nikishika bisibisi ndogo. Ama baada ya salamu, nimeona niwaandikie nyote kwa pamoja, maana nikisema nimjibu kila mmoja kwa ubishi wake, mwaka utakwisha bado niko kwenye utangulizi.

Kazi yangu mnaijua. Nimekaa kwenye meza ya ufundi zaidi ya miaka thelathini: nilianza na redio, nikaja kwenye televisheni za chogo, zikaingia kompyuta, zikafuata simu. Sasa meza nimewaachia wengine, kwa sababu pasi ya kulehemu haitaki mkono unaotetemeka. Lakini masikio ni mazima, na nawasikia. Simu inazinduliwa asubuhi, jioni mmeshagawanyika: huyu anaapa kuwa dunia haijawahi kuona kitu kama hicho, yule anasema ni takataka, na kati yenu wote hakuna aliyewahi hata kuigusa.

Nina neno moja tu, mengine yote humu ni matawi yake. Habari za vifaa huandikwa siku ya uzinduzi, lakini mtu huishi na kifaa chake miaka baada ya siku hiyo. Ubishi wenu wote uko kwenye siku ya kwanza. Mimi riziki yangu niliipata kwenye mwaka wa tatu.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na nadhani watu wa matangazo wameielewa methali hiyo kuliko sisi tulioirithi.

Tuanze na betri, kwa sababu hapo ndipo ninapojua zaidi na ndipo mnapokosea zaidi. Mnapimana ukubwa: hii ina miliampea-saa (kipimo cha umeme ambao betri hubeba) 5,000, ile 4,500, basi hii imeshinda. Sawa. Lakini betri ya lithiamu huzeeka. Kila ukiichaji na kuitumia inapungua kidogo, na joto huiharakishia uzee. Simu inayolala kwenye chaji chini ya mto usiku kucha, imejaa na imepata moto, inazeeka kwa njia mbili kwa mpigo. Na betri ikichoka haipungukiwi chaji tu. Inashindwa pia kutoa umeme mwingi kwa ghafla. Ndiyo maana simu inakuonyesha asilimia thelathini, unafungua kamera, inazima papo hapo.

Mwishoni mwa 2017 Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikizipunguzia kasi baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizimike namna hiyo. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, kwa sababu hakuna aliyewaambia. Kampuni ikaomba radhi na kushusha bei ya kubadilishiwa betri kwa mwaka wa 2018. Kisa hicho mnakirudia hadi leo kama silaha ya kumpigia mwenye simu ya kampuni ile, lakini sijamsikia hata mmoja akitaja lililo muhimu kwa mwenye simu yoyote: ukiweka betri nzima, kasi ilikuwa inarudi. Ni wangapi walishaziuza simu zao kwa bei ya kutupa, wakidhani zimechoka akili, kumbe zilikuwa zimechoka tumbo?

Nililiona hilo kwa macho yangu mara nyingi, lakini nawapa moja. Binti mmoja aliniletea simu akaniambia nimtolee picha zake tu, simu yenyewe haina faida tena, inaganda na kuzima. Nikaupasha mgongo wa simu moto wa polepole mpaka gundi ikalegea, nikapenyeza kadi ya plastiki pembeni, nikazunguka nayo kidogo kidogo. Mfuniko ulipoachia ulijiinua wenyewe, kwa sababu chini yake betri ilikuwa imetuna kama mto mdogo. Nikaitoa bila kuikunja, nikaweka nyingine, nikafunga. Alikaa nayo miaka miwili zaidi. Siku alipokuja kuichukua aliifungua kamera, akaifunga, akaifungua tena, akanitazama kama niliyemficha kitu.

(Kuna mmoja wenu, jina namstahi, aliyesema wazee tuwaachie vijana mambo ya teknolojia. Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya kemia walipewa watu watatu kwa kazi yao ya betri za lithiamu: John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino. Goodenough alikuwa na miaka 97. Mwambieni.)

Huko Umoja wa Ulaya mambo haya sasa yameandikwa kwenye kanuni. Simu zinazoingizwa sokoni tangu tarehe 20 Juni 2025 zinatakiwa ziwe na betri ambayo baada ya kuchajiwa na kuisha mara 800 bado inabeba asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo, na mtengenezaji aendelee kutoa masasisho ya programu kwa miaka isiyopungua mitano tangu modeli hiyo ilipoacha kuingizwa sokoni. Hiyo ni habari ya teknolojia kubwa kuliko kamera zote mlizozigombania mwaka ule. Sikumsikia mtu akiitaja. Haina rangi nzuri.

Namba za kwenye boksi nitazipitia haraka, kwa sababu mtu akishaoneshwa mara moja hasahau. Pawabenki ya miliampea-saa 20,000 imehesabiwa kwa volti za betri zake za ndani, kama 3.7, lakini simu yako inalishwa kwa volti 5. Zidisha 20,000 kwa 3.7, gawanya kwa 5, unabaki na 14,800, na hapo bado hujatoa umeme unaopotea kwa kugeuka joto. Kwa hiyo usiniambie umeibiwa. Umesoma namba ya ndani ukadhani ni ya nje. Diski ya terabaiti moja ukiichomeka kwenye Windows inajitaja gigabaiti 931, kwa sababu kiwandani wanahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Intaneti ya megabiti 100 kwa sekunde haishushi faili kwa megabaiti 100. Baiti moja ina biti nane, kwa hiyo tegemea 12.5, tena siku njema. Na kamera ya megapikseli 108 mara nyingi huunganisha vinukta tisa kuwa kimoja na kukupa picha ya megapikseli 12. Si ulaghai, na usiku inasaidia sana. Ila ukimshinda mwenzako kwa hiyo 108, ujue umemshinda kwa namba ambayo wewe mwenyewe huitumii.

Ulaghai wenyewe upo, nao naomba mnisikilize. Alinijia kijana ana flashi iliyoandikwa terabaiti mbili. Ilikuwa ndogo kama ukucha, na aliinunua kwa bei ya chai. Humo alikuwa amehamishia picha za marehemu mama yake, zote, kisha akafuta zile za kwenye kompyuta ili apate nafasi. Majina ya faili yalionekana yote, mstari kwa mstari, na ukubwa wake sahihi. Ukifungua: picha za kwanza chache ni nzima, nyingine nusu kijivu, zilizobaki hazifunguki. Nikaivunja ganda. Ndani mlikuwa na chipu ya gigabaiti 16, na kidhibiti chake, yaani kichipu kinachoiongoza, kilikuwa kimefundishwa kuidanganya kompyuta. Unapoandika kupita uwezo wake hakikatai. Kinakuitikia ndiyo, kisha kinaandika juu ya vya zamani au kinavitupa. Nilijaribu siku mbili. Nilichoweza kumrudishia ni picha zisizofika mia.

Aliyemuuzia simjui na sikutaka kumjua. Lakini dawa ya jambo hili ni ya siku moja: flashi au kadi mpya ijaze hadi mwisho kabla hujaiamini na kitu chako, kisha visome ulivyoandika uone kama vimerudi vile vile. Zipo programu za bure zinazofanya kazi hiyo zenyewe. Na kilicho cha pekee kisikae sehemu moja hata kama sehemu hiyo ni halisi.

Jambo la masasisho nalo nimewasikia mkilibeza. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea kwenye nchi nyingi kwa siku chache, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikakwama. Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha kuziba tundu la Windows ambalo kirusi hicho kilipitia, mwezi Machi, miezi miwili nyuma. Wengi walioumia ni waliokuwa wakibonyeza “nikumbushe baadaye”. Najua mtanijibu kwa tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, lilipoziangusha kompyuta milioni 8.5 za Windows na ndege zikalala viwanjani. Ni kweli, na sitalipinga. Sasisho huandikwa na binadamu. Mimi binafsi toleo jipya zima la mfumo nalisubirisha wiki kadhaa, wengine walionje. Viraka vya usalama siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mkisoma habari ya simu mpya, tafuteni mstari unaosema italishwa masasisho mpaka mwaka gani. Google kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 mwaka 2024, waliahidi miaka saba. Ahadi hiyo ina uzito kuliko kioo kinachong'aa. Na mtu asikutishe pia kwa upande wa pili: Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta hazikufa usiku ule. Kompyuta nzee inaweza kuwekewa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, ikafanya kazi za kuandika na kuperuzi vizuri tu. Nimezifufua nyingi za namna hiyo, nyingine zilishakuwa kigoda cha kuwekea printa.

Siku hizi kila boksi lina muhuri wa akili mnemba. Sina ugomvi nayo, hata miwani yangu ingekuwa nayo nisingekataa. Swali langu ni lile lile la mwaka wa tatu: kazi hiyo inafanyika ndani ya kifaa chako au kwenye seva, yaani kompyuta za mbali za mwenye kampuni? Kama ni kwenye seva, siku akizizima umebaki na nini mkononi? Google walipofunga huduma yao ya michezo ya Stadia Januari 2023 waliwarudishia watu pesa. Hilo ni la kuwashukuru, na msilitegemee kutoka kwa kila mtu.

Limebaki la ushabiki, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Akipenda chongo huita kengeza. Mwaka 2016 Samsung waliirudisha Galaxy Note 7 kwa sababu betri zake zilikuwa zikishika moto, wakatoa za badala, na baadhi ya hizo za badala nazo zikashika moto, mpaka wakaacha kuitengeneza kabisa. Nilikuwa na mteja aliyeitetea simu ile mpaka siku ya mwisho, mwenyewe akiwa na modeli nyingine kabisa mfukoni. Alikuwa anatetea nini? Kampuni haikumjua, wala haikumtuma. Nanyi mko hivyo hivyo, wa upande huu na wa upande ule. Mtu akilalamika kwamba simu yake inapata moto, badala ya kumuuliza inapata moto akifanya nini, mnamuuliza kwa nini hakununua ya kwenu.

Nawaomba jambo dogo. Siku nyingine simu ikizinduliwa na ubishi ukaanza, mpeni nafasi ya kwanza aliyekaa na simu ya kampuni hiyo miaka mitatu. Mwulizeni betri ilimfanyaje, masasisho yalikoma lini, kioo kilipovunjika kipuri kilipatikana au hakikupatikana. Mwacheni amalize. Halafu endeleeni kubishana, siwakatazi, mimi mwenyewe napenda kuwasikia.

Wenu,
Babu fundi

N.B. Yule aliyesahau simu kwangu juu ya kabati, ile ambayo kioo chake kimeanza kuinuka upande mmoja: hicho si kioo kibovu, ni betri inakisukuma. Nimeizima na kuiweka nje kwenye bati, mbali na kitu chochote cha kushika moto. Njoo mwenyewe, usimtume mtoto, na usiibonyeze ili irudi.