Kabla ya kuandika "kichaa", tuulize ilianza lini

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowahusu watoa huduma wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya Mwanza na visiwani, na vilevile ndugu wanaotuletea wagonjwa. Nimekuwa afisa tabibu kwa miaka 19, na mara nyingi mno nimeona mgonjwa wa akili akipewa jina la ugonjwa kabla hajasikilizwa.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, alilazwa mvuvi aliyevunjika mguu akisukuma mtumbwi. Siku mbili za kwanza alizungumza vizuri, akawa anawatania wauguzi. Usiku wa tatu akaanza kutetemeka, jasho likalowanisha godoro, akawa anachambua shuka kwa vidole kana kwamba ananasua samaki nyavuni, huku akimfukuza mtu ambaye yeye peke yake alimwona ukutani. Kulipokucha faili lake lilikuwa limeandikwa skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili wa muda mrefu, mikono imefungwa kitandani, na ndugu wameshaanza kuulizana ni nani aliyemroga. Nilimuuliza mkewe mumewe alikunywa pombe lini kwa mara ya mwisho. Akajibu pale pale kwamba alikuwa akinywa gongo kila siku tangu kabla hawajaoana, na tangu avunjike hajaonja hata tone.

Mnywaji wa kila siku akikatishwa pombe ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuchanganyikiwa kwa namna hii huanza kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Asipotibiwa anaweza kufa. Alihitaji diazepamu ya kumtuliza, vitamini B1, maji na mtu wa kukaa naye. Alitulia baada ya siku chache, lakini neno lile lilibaki katika faili, na najua lilimfuata hadi kijijini kwao.

Swali la "ilianza lini" lingemwokoa. Hali iliyoanza kwa saa au siku chache, ambapo mgonjwa asubuhi anakutambua na jioni hakutambui, na ukimwomba ataje siku za wiki kinyumenyume anapotea njiani, inatutaka tutafute kwanza ugonjwa wa mwili: malaria kali, sukari, homa ya uti wa mgongo, VVU, kaswende, kichwa kilichopigwa, dawa alizomeza. Mwenye skizofrenia kwa kawaida fahamu zake zimetulia. Anajua yuko Sengerema na anajua leo ni siku ya gulio, lakini anasikia sauti zikimjadili, na ukiwauliza ndugu watakuambia alianza kujitenga miezi mingi nyuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unadai dalili zidumu angalau mwezi 1, na ule wa Marekani unadai miezi 6. Aliyechanganyikiwa juzi hawezi kupewa jina hilo leo.

Niongeze hapa jambo ambalo wageni hulikosea: mtu wa huku kwetu kusema amelogwa haitoshi kuwa dalili ya ugonjwa. Tuwaulize walioketi naye. Ndugu wanaoamini uchawi kama yeye wakishangazwa na anayoyasema, hapo tusimame na tuchunguze.

Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ndiyo inayotupita zaidi, kwa sababu haipigi kelele. Huja na daftari. Nakumbuka mama mmoja muuza samaki wa kukaanga ambaye daftari lake la kliniki lilikuwa limejaa kwa mwaka mzima: vidonda vya tumbo, malaria, presha ya kushuka, tena vidonda vya tumbo. Alilalamika kwamba kichwa kinawaka moto na mwili hauna nguvu. Hakuna aliyemuuliza kama bado anafurahia chochote, analala saa ngapi, au kama hali hiyo imezidi wiki 2. Tukishaigundua sonona, tuulize pia kama kuna wakati alikaa wiki nzima bila kulala na bila kuchoka, akiongea pasipo kituo na kugawa mali, maana mtu wa namna hiyo ukimpa amitriptilini, dawa ya sonona, peke yake unaweza kumwamshia wazimu.

Na tuulize kuhusu kujiua, kwa maneno ya wazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi niliowauliza walishusha pumzi kwanza, ndipo wakalia. Wanaogopa kusema kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na kwa sababu vyumba vyetu vingi vina pazia badala ya mlango, na foleni nzima inasikia. Nawaomba waganga wakuu wa wilaya zetu watupatie walau chumba kimoja chenye mlango, na siku moja kwa wiki ambayo tabibu hahesabiwi wagonjwa aliowamaliza.

Mzazi anayebadilika akili ndani ya wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua asisubiri siku hiyo. Apelekwe hospitali ya Sekou Toure au ya Bugando mara moja, pamoja na mtoto na mtu wa kuwaangalia wote wawili.

Kwa ndugu nina ombi moja. Njooni na yule anayeishi na mgonjwa, si yule mwenye nauli tu. Tarehe zikiwapotea, hesabuni kama mnavyohesabu uvuvi wa dagaa: ilikuwa wakati wa giza au wa mbalamwezi, na zimepita mbalamwezi ngapi tangu hapo. Semeni hivyo hivyo, nasi tuandike kama mlivyosema.

Afisa tabibu,
Igoma, Mwanza.